Pindo la Picha

Vumbi la Doha lina harufu yake. Halinuki kama vumbi la Korogwe, lile linalotimka lori la mkonge likipita na kukuachia puani harufu ya majani yaliyosagwa. La Doha linanuka chuma kilichosahauliwa juani, na kwa mbali linanuka chokaa mbichi. Halipiti mlangoni, hupenya kwenye matundu ya kiyoyozi, polepole, kama mgeni asiyebisha hodi. Adhuhuri moja ya mwezi wa tano, nikiwa na umri wa miaka kumi, mbingu iligeuka kutoka weupe ikawa manjano, kisha ikawa rangi ya chai ya maziwa, na taa za barabarani zikawaka mchana kweupe. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu aje kutoka nyumbani. Alisimama katikati ya chumba, akainua pua, akauliza, "Kuna nini kinaungua?" Mama akamwambia hakuna, ni vumbi tu, hapa ndivyo kulivyo. Bibi akarudi kuketi kwenye jamvi lake, akajifunika ushungi mpaka mdomoni. "Vumbi haliji bure," alisema. "Hutangulia jambo." Tukacheka, mimi na Mama. Baba, aliyekuwa ameinama nyuma ya televisheni akiunganisha nyaya, hakucheka.

Tulikaa mtaa wa Najma, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vipande ili familia nyingi zienee. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na jiko dogo, na kiangazi maji ya bomba yalitoka ya moto mpaka Mama alikuwa akiyakinga asubuhi ili mchana tupate ya kuogea. Baba alikuwa fundi wa televisheni na vipaza sauti katika hoteli moja ya Al Sadd. Kabla ya hapo, ujanani, alikuwa mwendesha mashine ya sinema mjini Tanga, na kazi hiyo ya kale ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi yake hasa. Hii ya hoteli ilikuwa ya kuvaa na kula. Televisheni yetu ilikuwa sanduku kubwa lenye kioo kilichovimba mbele, tumbo nje kama mjamzito, na chini yake ilikaa deki ya kuchezea diski. Ijumaa, baada ya sala na wali, marafiki zake Watanzania, madereva na walinzi, walikuja kutazama filamu za zamani alizokuwa akizikusanya. Kila Ijumaa ugomvi ulikuwa ule ule. Filamu ikianza na mapande meusi juu na chini ya picha, mmoja wao angelalamika, "Rajabu, diski yako mbovu hii. Nusu ya kioo imekufa." Na Baba angejibu, kwa subira ya mtu aliyekwisha kujibu mara nyingi, "Haijafa. Hiyo ndiyo picha nzima. Ile inayojaza kioo ndiyo iliyochinjwa."

Siku moja aliwaonyesha kwa kanga ya Mama. Aliitandaza juu ya televisheni, ikaning'inia huku na huku. "Kanga ni mji na pindo," alisema. "Sinema ilipigwa pana hivi, ikatazamwa kwenye pazia pana hivi. Sasa sanduku letu ni la mraba. Kuna njia mbili. Ama uipunguze kanga yote ienee, uache weusi juu na chini; ama uchukue mkasi, ukate pindo huku na huku, ubaki na mji peke yake." Alikunja mapindo mawili akayaficha nyuma. "Wengi wetu tumenunua mji tukadhani ni kanga." Wale marafiki walicheka, na mmoja akasema kwamba kwa bei ya diski za Najma hata mji peke yake si haba. Bibi, aliyekuwa ameketi kando akisikiliza kwa masikio kwa sababu macho yake yalikuwa na ukungu, aligeuza sikio upande wa Baba. Vidole vyake viliacha kuvuta tasbihi.

Ugonjwa wa macho ndio uliomleta. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na Baba alihangaika mpaka akampatia viza ya kutembelea, apasuliwe hapo Doha. Wakati tukingoja zamu ya hospitali, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Nilimsomea maandishi ya kwenye pakiti za dawa, nikamwambia nani anapita dirishani, nikamwongoza msalani. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na kwa utani huo tuligawana Baba: mimi nilimpata asubuhi, yeye jioni. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha kwikwi. Lakini maji yakidondoka bombani alinyamaza. Tone moja, jingine, na yeye angekatisha hadithi katikati, mkono ukiwa hewani, mpaka niende nikafunge. Nilimuuliza Mama sababu. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliangalia mlangoni kwanza, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini jambo ambalo nyumbani kwetu halikuwa likitajwa.

Bibi yangu Mwanaidi alikuwa na mdogo wake, jina lake Saumu. Miaka michache baada ya uhuru, wageni wa ng'ambo walifika pande za Korogwe kupiga filamu ya wawindaji, wakataka watu wa kijijini waigize wapagazi wanaovuka mto Pangani wakiwa na mizigo kichwani. Mwanaidi alikuwa msichana mkubwa. Saumu alikuwa hajavunja ungo. Mama yao aliwaruhusu kwa sharti moja, kwamba dada asiachie mkono wa mdogo wake. Walivuka, wakarudishwa, wakavushwa tena, kwa kuwa picha haikuwaridhisha wenyewe. Mara ya mwisho watu walipofika ng'ambo, Saumu hakuwemo. Hakuna aliyemwona akipotea. Alipatikana siku iliyofuata, chini kabisa, kwenye matete. Mwanaidi alisema kijana mmoja wa mjini, aliyekuwa akipanga watu, alimnyang'anya mdogo wake mkononi akampeleka mwisho wa mstari, ili mstari uonekane mrefu. Hakuna aliyemsadiki. Kaka yao, Salehe, alisema waziwazi mbele ya watu matangani kwamba Mwanaidi alimwachia mtoto kwa kutazamana na wageni, na sasa anatunga uongo. Mama yao akashika neno la Salehe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa bila kumpa binti yake radhi.

Msomaji ambaye hakulelewa kwetu huenda asijue uzito wa neno hilo. Radhi ya mama ni kama paa. Asiye nayo hunyeshewa hata kiangazi. Baba alikua akisikia kwamba kila baya lililoipata nyumba yao, ndugu zake waliokufa wachanga, shamba lililoliwa na mafuriko, lilitokana na hilo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilianza kuelewa kwa nini mtu mzima mwenye kazi na mke alikusanya filamu za zamani za wawindaji, akizigeuzageuza makasha yake dukani kama mtu anayetafuta uso kwenye umati.

Baba aliipata ile filamu mwezi huo huo. Muuza diski wa Najma, Mhindi wa Kerala mwenye duka jembamba kama ushoroba, alimwekea kando kasha lenye picha ya mzungu mwenye bunduki na mto nyuma yake. Baba alirudi nalo kifuani chini ya shati. Hakumwambia Bibi. Alingoja mpaka alipolala baada ya adhuhuri, akapunguza sauti, akaicheza; mimi nilikuwa nimeketi sakafuni na hakuna aliyenifukuza. Ilikuwa ya kujaza kioo, haina weusi wowote. Watu walionekana wakubwa, nyuso zimejaa, na wakati wote nilihisi kama tunachungulia kupitia tundu la mlango. Ngoma zililia. Kisha ukaja mto, rangi ya udongo, na watu wenye mizigo wameshika kamba. Mzungu alikuwa katikati, bunduki juu. Kushoto kabisa, ukingoni mwa kioo, alikuwepo msichana mwenye shingo ndefu aliyegeuka kutazama nyuma. Baba akasimamisha picha. Nilimjua kabla hajasema. Ilikuwa shingo ya Baba mwenyewe, na yangu. Mkono wa kushoto wa yule msichana ulikuwa umenyooshwa kuelekea nje ya picha, na kioo kilikuwa kimeukata kwenye kifundo. Kiganja hakikuwepo. Kama kilishika mkono wa mtu, kama kilikuwa kitupu, hapakuwa na wa kusema.

Baba aliendelea mbele kidogo kidogo. Hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia nywele hunisisimka. Picha ilijisogeza. Si watu waliosogea, wala si mto. Ni dirisha lenyewe tunalotazamia lililoteleza polepole kwenda kulia, kama mtu anayegeuza shingo asitazame. Msichana akatoka, akabaki mzungu na bunduki yake. Baba alieleza baadaye kwamba ndivyo wanavyofanya wakataji: mtu huketi mahali, mbele ya picha pana, akachagua kila dakika kipande gani kibaki na kipi kitupwe. Wakati ule hakueleza chochote. Alisema tu, kwa sauti isiyo yake, "Kwa nini amegeukia huko?"

"Kwa nini mmeacha kuicheza?" Bibi aliuliza mlangoni. Alikuwa amesimama, kashika kizingiti, ushungi umemwanguka mabegani. Alizitambua zile ngoma. Baba alizima, akaanza kutafuta maneno, lakini Bibi alimkatiza. "Nimo?"

"Umo, Mama."

"Na yeye?"

"Hayumo. Pembe zimekatwa. Mkono wako unaonekana mpaka hapa tu." Akamgusa kifundoni.

Bibi alikaa kitako pale pale mlangoni. "Basi wamelitupa pindo," alisema. "Ulisema iko nzima. Itafute hiyo."

Tangu siku ile nyumba ilibadilika hewa. Mama alipinga kwa kila njia aliyoijua. Usiku niliwasikia chumbani, yeye na Baba, ukuta ukiwa mwembamba. "Baba Zuhura, wafu waachwe. Sasa hivi mama yako anasema neno lake, na kaka yake anasema lake, na watu wamezoea. Je, ukileta hiyo picha, ikaonyesha kweli alimwachia? Utamrudisha wapi huyo mzee?" Nikasikia Baba akigeuka kitandani. Alisema, "Hataki kufa kwa kubahatisha." Mama akasema, "Usilolijua ni usiku wa giza, lakini na giza lina usingizi wake." Nilivuta shuka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Bibi huenda alikuwa amesema uongo. Asubuhi nilipomsuka nywele niliitazama ile mikono, mishipa imetuna kama mizizi, na wazo hilo likanijia tena nikalifukuza, likarudi. Yeye aliacha kunitania. Alikula kidogo. Mara nyingi nilimkuta ameunyoosha mkono wa kushoto mbele ya macho yake mabovu, akiufumba na kuufumbua, kama mtu anayeuliza kiungo chake kilifanya nini siku ile. Nadhani hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nadhani baada ya miaka mingi ya kuambiwa, hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika.

Diski ya picha pana haikupatikana Najma. Muuza diski alisema wateja hawaitaki, wanairudisha wakidhani mbovu. Mwishowe mgeni mmoja wa hoteli, mzee aliyependa sinema kama Baba, aliahidi kuituma akifika kwao, na akatimiza. Bahasha ilifika Alhamisi. Ijumaa ile, Baba aliwaambia rafiki zake wasije. Tangu asubuhi upepo ulikuwa umeanza, na kufikia saa ya sala vumbi lilikuwa limeufunika mtaa mzima. Adhana ilisikika kama inatoka chini ya blanketi. Jirani wa Kiganda, aliyekuwa akienda kanisani Mesaimeer kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, alirudi nusu ya njia, akapita dirishani kwetu amejifunga kitambaa usoni. Mama aliziba chini ya mlango kwa taulo mbichi. Ndani kukawa kimya, kiyoyozi kikinguruma tu, na mwanga wa dirishani ukawa mwekundu.

"Mtoto atoke," Mama alisema.

"Mtoto abaki," alisema Bibi. "Rajabu atatazama kama mtoto wangu. Wewe utatazama kama mke wake. Mimi nataka wa kunitazamia tu." Akanipapasa kichwani. "Mke mwenzangu, jicho halina pazia. Utakachokiona, kiseme. Usiniongezee, usinipunguzie."

Mapande meusi yalitokea juu na chini, na katikati picha ikawa ukanda mwembamba mrefu. Watu walikuwa wadogo kama sisimizi. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, nikasikia umeme wake ukinisisimua vinyweleo vya uso. Sasa mto ulikuwa mto kweli, mpana, wenye kingo mbili, na zile ngoma hazikusikika tena kubwa mbele ya maji yale. Mstari wa watu ulitokea kulia ukaenda mpaka kushoto kabisa. Baba aliicheza polepole, kidole kimebana rimoti.

"Nimekuona, Bibi. Umegeuka nyuma."

"Mkono wangu?"

"Nauona wote."

"Una nini?"

Nilitazama sana. "Hauna kitu. Vidole vimefunguka. Kama unamwita mtu."

Alinishika begani. "Fuata kamba. Nenda mpaka mwisho."

Nilifuata kwa kidole juu ya kioo, nikimruka mtu mmoja baada ya mwingine, wanaume warefu waliozama mpaka kifuani. Mwisho wa kamba, kwenye ukingo kabisa, mahali ambapo kwenye diski ya kwanza palikuwa nje ya dunia, alikuwepo mtoto. Maji yalimfika kidevuni. Alikuwa na mzigo mweupe kichwani na uso wake ulielekea kwa Bibi. "Yupo," nilisema. "Ana mzigo mweupe. Yuko mbali na wewe. Katikati kuna watu wengi."

Mama alianza kulia. Baba alisema, "Umesikia, Mama? Hakuwa mkononi mwako. Walimtoa." Aliisema mara mbili, ya pili kwa kelele, kama anawaambia watu wa Korogwe. Nadhani kwake mambo yalikuwa yamekwisha hapo. Alipata alichokitafuta, akalegea, na kidole chake kikaiachia rimoti. Picha ikaendelea kwa mwendo wake wa kawaida. Mzungu akainua bunduki, moshi ukatoka, watu wote kwenye mstari wakageuza vichwa kumtazama, na Baba na Mama nao wakamtazama, kwa kuwa ndivyo filamu ilivyotengenezwa, jicho liende huko. Mimi kidole changu kilikuwa bado kwenye ukingo.

"Bibi," nilisema. "Mzigo unaelea."

"Mzigo?"

"Mzigo unaelea. Mtoto simwoni."

Hakuna aliyepiga kelele. Katika filamu pia hakuna aliyepiga kelele. Mzungu alicheka, mwanamke mwenye kofia akampa mkono, mstari ukaanza kupanda ng'ambo. Furushi jeupe liliteleza taratibu mpaka likatoka kwenye picha, na wakati huu lilitoka lenyewe, halikukatwa na mtu. Mama alichomoa waya ukutani. Katika ule wekundu wa dirisha Bibi alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun," kwa sauti ya kawaida, kama msiba umetangazwa sasa hivi na yeye ndiye wa kwanza kuusikia. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu. "Alikuwa akinitazama?" Nikamwambia ndiyo, alikuwa akikutazama. Hakutaka nipunguze, sikupunguza. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nikajua tangu hapo kwamba ukweli unaweza kumtoa mtu gerezani na kumwacha jangwani.

Baba alichelewa kuelewa, na alipoelewa hakulala vizuri kwa muda mrefu. Kilichomtesa ni yule mkataji asiye na jina. Walioipiga filamu huenda hawakuona. Walikuwa wengi, kulikuwa na moshi, kila mtu na kazi yake. Lakini huyu aliketi peke yake mbele ya picha pana, akaitazama mbele na nyuma, akachagua wapi pa kukata. Na pale pale, kwenye pumzi ile ile, alilisogeza dirisha kwenda kulia. "Aliona," Baba angesema akinywa chai. Halafu kesho yake, "Hakuona. Alimfuata mwenye bunduki tu." Sijui lipi lilikuwa baya zaidi. Hata leo sijui.

Shule zilipofungwa tulisafiri nyumbani sote, Bibi akiwa amekwisha kupasuliwa jicho moja. Babu Salehe alikuwa mzee wa miraba minne aliyeogopwa na ukoo. Kwenye simu alikuwa amemjibu Baba kwamba picha za wazungu huchezewa na kwamba hataki upuuzi nyumbani kwake. Lakini alikuja. Alikaa sebuleni kwa jirani mwenye deki, fimbo katikati ya magoti, akatazama bila kupepesa. Nilikuwa nimeelekezwa nimwonyeshe kwa kidole, na nilipofika mwisho wa kamba alisema, "Basi, nimemwona. Ni Saumu." Hakuruhusu iendelee. Alimgeukia dada yake, naye dada yake akamwangalia kwa jicho lake jipya.

"Mwanaidi, ulimwita?"

"Nilimwita, kaka. Ngoma zilikuwa zinapigwa."

"Na mimi nilimwambia mama hukumwita."

Asubuhi walikwenda kwenye kaburi la mama yao. Tulibaki nyuma, kwenye njia, lakini Babu Salehe alikuwa na sauti nene na alikusudia isikike. "Mama, huyu hakumwachia mtoto wako. Mimi ndiye niliyekudanganya, nami sikuwepo mtoni. Kama una la kushika, nishike mimi. Yeye mpe radhi yake." Kisha akaketi chini mavumbini, mtu mzito vile, na Bibi ndiye aliyemwinua. Sisemi kwamba kaburi lilijibu. Nasema kwamba Bibi alirudi akala, na kwamba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo akiheshimiwa na ukoo uliomkwepa, na alipofariki alizikwa kando ya mama yake. Lakini ile filamu hakuitaja tena, na maji yakidondoka, alikuwa bado akinyamaza.

Mimi nilirudi Doha ukubwani, kufanya kazi ya mapokezi katika hoteli, na mji niliouacha sikuukuta. Masanduku yenye tumbo yametoweka. Niliyaona ya mwisho yakiwa yamerundikwa nyuma ya majengo ya Najma, vioo vikitazama jua. Kila ukuta sasa una televisheni pana, nyembamba kama sinia, na hakuna tena anayegombana kuhusu mapande meusi. Filamu za zamani zimesafishwa, zinaonyeshwa nzima, pindo kwa pindo, na Baba aliyeko Tanga kwenye pensheni yake huniambia kwa simu kwamba wapenda sinema wameshinda. Simpingi. Ila mimi huwaza kwamba zama zile za mkasi, nusu ya dunia iliitazama filamu ile na yule mtoto hakuzama mbele yao. Siku hizi kila inapochezwa anazama, na watu wanakula.

Naam, niliikuta. Ilikuwa mchana, mgahawa mmoja wa Al Sadd tunaopenda kwenda na wenzangu wa zamu. Televisheni ya ukutani ilikuwa wazi bila sauti, na nilipoinua macho kutoka kwenye sahani niliuona mto, rangi ya udongo, umejaa ukuta mzima. Nilimwita kijana wa kuhudumu, Mkenya, nikamwomba abadilishe stesheni.

"Rimoti iko kwa bosi, dada, na bosi ametoka. Kwani hiyo movie iko na shida gani?"

Nilitazama tena juu. Mstari ulikuwa umekwisha kutokea. Niliinuka, nikawaacha wenzangu wakinishangaa, nikaenda kusimama ukutani, mgongo wangu kwenye kona ya kushoto ya kioo, pale penye mwisho wa kamba, mkoba nimeukumbatia kifuani. Sikugeuka. Mbele yangu watu waliendelea kumega mkate na kupitishana achari. Mwanamume mmoja alinyoosha shingo amwone vizuri mwenye bunduki. Yule kijana akanifuata, akaniuliza taratibu kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nangoja tu wavuke. Alitazama juu ya bega langu, kwa muda, kwa adabu, kisha akanigusa kiwiko.

"Keti tu, dada," alisema. "Wamevuka wote."